Upana wa Kucha

Isyonje, mwezi wa sita. Baridi imeunguza majani ya viazi
mpaka yanavunjika kama karatasi iliyosahaulika mekoni.
Kaka Anyandwile ameshuka kwenye lori la mbolea
na bawa kwapani.

Bawa tu.
Halina kiwiliwili, halina mkia,
kama ndege aliyeliwa yakabaki mabega.
Amelikata kutoka plastiki nyeupe ya kufungia friji,
usiku, Mwanjelwa, baada ya kufunga kibanda cha simu,
kwa waya uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu.
Uti wake mwanzi. Ngozi yake solatepu.

Baba akaegemea jembe: "Hiki kinabeba nini?"
"Kinajibeba."
Baba akakohoa, akarudi kwenye tuta.
Viazi mwaka huo vilikuwa havijibebi,
gunia na nauli ya gunia bei ile ile.

Ukingoni mwa nyuma, kushoto na kulia,
kaka ameweka kope mbili.
Spoki za baiskeli zinazisukuma na kuzivuta,
vimota viwili vinalia kama mbu ndani ya chandarua.
"Tazama, Subilaga. Ndege wenye mkia wamegawana kazi,
huyu wa kuinua pua, yule wa kuinamisha ubavu.
Huku hakuna wa kumwachia.
Kope zote juu, pua inapanda.
Zote chini, inazama.
Moja juu, moja chini,
bawa linalalia upande wa ile iliyo juu."
"Na nikitaka kupanda huku nageuka?"
"Zinajumlisha. Kila moja inapokea amri mbili
na kuzitii kwa mwili mmoja."

Hilo sikuhitaji kurudiwa.
Tangu mama azikwe nimekuwa nikikamua ng'ombe
huku namsikiliza Ambwene akisoma jedwali la saba,
na akikosea, maziwa hayamwagiki.

Mara ya kwanza kope zilinyooka na bawa,
sawasawa, kama zimepigwa rula.
Likaenda hatua ishirini, likainama,
likachimbua viazi vitatu.
Baba hakucheka. Alivifuta udongo, akavitia gunia.

Mara ya pili waya zilikuwa zimebadilishana.
Nilivuta ili lipande, likajiviringisha
kama mbuzi aliyekanyaga upupu.

Kaka akapiga magoti kwenye umande,
akazungusha skrubu, ulimi nje,
akazipandisha kope zote mbili
upana wa kucha.
"Zikae hivi daima, hata usipogusa rimoti.
Betri iko puani, inavuta chini muda wote.
Bila mkia, ni hizi tu zinazokataa."
"Hazichoki?"
"Bawa linalipa. Linapoteza nguvu kidogo ya kuelea."
Akapuliza vidole. "Lakini halizami."

Mara ya tatu alilirusha kwa mkono mmoja,
kama mtu anayemfukuza kuku asiye na hasira naye.
Likapanda.
Juu ya pareto ya akina Mwasenga,
juu ya paa la ghala, juu ya waya wa umeme
ambao haujafika kwetu, unapita tu.
Nikainua kope ya kushoto, nikashusha ya kulia,
upeo wote wa Uporoto ukazunguka ncha ya bawa.
Nikacheka kwa sauti ambayo Ambwene hakuijua,
akanitazama mdomoni.

Kisha ukungu ukaja kutoka Rungwe bila hodi.
Ukala miti, ukala ghala,
ukala bawa.

"Kaka, silioni."
"Achia."
"Niachie?"
"Ondoa vidole, Subi. Limeshawekwa."

Nikaondoa. Vidole vikabaki hewani,
havijui pa kukaa.
Huko tutani baba alikuwa ameacha kulima.
Jembe chini, uso kwenye weupe,
kidevu kimeinuka kidogo tu. Sikupima.

Tukasikia mlio upande wa pareto,
kisha upande wa barabara, mwembamba,
kisha, sina hakika, juu yetu.